Homa Isiyokuwa Yetu

Mimi naitwa Sadiki. Nina mashine ya kusaga katika kitongoji chetu, kata ya Marambo, na miaka niliyokaa hapo imenifundisha kwamba watu hawaleti mahindi matupu, wanaleta na maneno. Habari ya Saturnini nusu yake niliisikia mashineni, nusu niliiona kwa macho yangu. Kuna na mahali ambapo mimi mwenyewe nilinyamaza wakati wa kusema. Nitaeleza yote.

Saturnini ni Mmakua. Wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita, yeye akiwa mgongoni, wakapewa pori upande wa bondeni, wakalifyeka na kupanda mikorosho. Pori hilo lilipakana na shamba la baba yake Amiri, Mmwera wa hapa hapa. Watoto hao wawili wakakua wakifukuza ngedere pamoja, na sasa wote wamevuka miaka hamsini. Amiri ndiye mwadhini wa msikiti wetu, na ndiye aliyemuoa dada yangu Biasha.

Saturnini analima kama sisi sote: korosho, ufuta, muhogo. Lakini ufuta ukishavunwa na nyasi zikikauka, anageuka mtegaji. Anafukia vyungu vyenye maji kidogo kwenye njia za panya wa porini, mdomo wa chungu anaupaka pumba za kukaanga, na asubuhi anakwenda kuokota. Anawababua manyoya, anawachoma kwenye vijiti, watano watano, anawakausha kwa moshi. Huku kwetu wanaitwa samaki nchanga, yaani samaki wa mchangani. Wamakua na Wamakonde wanawapenda sana, na hata watu wanaotoka Nachingwea mjini walikuwa wakimtafuta. Sisi Waislamu hatuwali, ila hakuna aliyemwona Saturnini mtu mbaya. Palikuwa na utani tu.

"Mtani, samaki wa leo umewavua bahari gani?" Amiri alikuwa akimuuliza wakikutana njiani.

"Bahari ya kwetu. Haina chumvi na haizamishi mtu."

Ndivyo walivyoishi.

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kikali. Bomba la kitongoji lilikuwa limeharibika tangu masika, na ilipofika Agosti sote tulikuwa tunachota maji kwenye visima vya bondeni. Ni mashimo tu ya kuchimbwa kwa mkono kwenye mchanga wa mto uliokauka. Mbuzi wanakunywa hapo, nguruwe wa kina Kipriani wanakunywa hapo, na sisi tunachota hapo hapo. Maji yalikuwa baridi na meupe, na hakuna aliyekuwa na wasiwasi nayo.

Kipriani, fundi ujenzi, ndiye aliyeanza. Alishikwa na homa, akalalamika nyama za miguu, macho yakawa mekundu. Siku ya sita damu zikamtoka puani na hazikukatika. Alifariki kabla gari halijamfikisha hospitali. Wiki hiyo hiyo majirani zake wawili wakaanza homa kama yake. Nao walikuwa watu wa bondeni, na nao walikuwa wateja wa Saturnini.

Wataalamu walikuja kutoka wilayani, wakachukua damu, wakaondoka. Baada ya siku kadhaa ikapita pikipiki yenye kipaza sauti. Nakumbuka tangazo vizuri kwa sababu nilizima mashine ili nisikie. Ugonjwa ni homa ya mgunda, walisema. Unatokana na mkojo wa panya na wanyama wengine unaoingia kwenye maji na udongo. Chemsheni maji ya kunywa. Mwenye kidonda asikanyage maji yaliyotuama. Mwenye homa awahi zahanati, dawa ipo.

Maneno yalikuwa mengi, na watu walichukua moja. Kabla mahindi ya asubuhi ile hayajaisha, homa ya mgunda ilishageuka homa ya panya. Jioni ikawa homa ya wala panya.

"Basi haituhusu," alisema Imrani, jirani yangu, akifunga gunia lake. "Alhamdulillahi, dini imetukinga."

Wote mashineni waliitikia. Mimi pia. Nisidanganye, nilijisikia kama mtu aliyeambiwa mvua ya mawe itapiga ng'ambo ya mto. Siku hiyo nilikunywa maji ya kisimani vikombe viwili, sikuchemsha hata tone.

Kwa Saturnini mambo yalikuwa mengine. Wateja walikatika siku moja. Mkewe, Mama Getruda, alipofika kisimani wanawake walisogeza ndoo zao, wakamwambia achote mwisho. Saturnini mwenyewe alipokuja kusaga, mtu aliyemfuata kwenye foleni aliniomba nisafishe mashine kabla ya kumwaga mahindi yake. Nilisafisha. Saturnini alisimama anatazama, kisha akasema taratibu, "Safisha vizuri, Sadiki, usije ukauza na pumba zangu," akacheka peke yake.

Aliacha kutega. Si yeye tu, kila mtegaji wa hapa aliacha. Na ndipo akaona jambo ambalo sisi wengine hatukuliona. Yeye alikuwa amezoea kusoma nyayo za panya kama mwingine anavyosoma gazeti, na asubuhi moja alipopita bondeni akakuta nyayo zimeongezeka mara nyingi. Njia zao zote zilielekea visimani. Ukingoni mwa kisima, pale pale wanawake wanapopiga goti kuchota, palikuwa na mavi ya panya na michirizi ya mkojo.

Alimpigia simu binti yake Getruda, aliyeolewa Mandawa, wilaya ya Ruangwa. Getruda akamwambia, "Baba, huku tulishafundishwa hayo. Mwenye kumchuna panya mbichi na kidonda mkononi, sawa, anaweza kupata. Lakini nyama ikishaiva haina neno. Kinachoua watu wengi ni maji."

Saturnini alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kumweleza. Mwenyekiti alimsikiliza akiwa mlangoni, hakumkaribisha ndani.

"Mzee Saturnini," alisema, "mwenye duka hawezi kusema bidhaa yake ni mbovu."

"Sijaja kutetea bidhaa. Nimeacha kuuza. Nimekuja kuhusu kisima."

"Nimekusikia."

Ikaishia hapo.

Amiri alikuwa na bustani ya mchicha bondeni, karibu na visima. Alikuwa akimwagilia kila alfajiri baada ya swala, peku, na kwenye muundi wa mguu alikuwa na jeraha la jembe ambalo halijafunga. Mwishoni mwa Agosti homa ikamshika. Biasha alimnunulia dawa za malaria dukani, Amiri akanywa zote, homa haikushuka. Siku ya nne hakuweza kuchuchumaa kwa maumivu ya miguu. Adhana ikaadhiniwa na mtu mwingine, na watu wakaambiwa Amiri ana mafua.

Biasha akaniita. Nilipofika nilimkuta shemeji amekaa mkekani ameegemea ukuta, macho mekundu kama aliyeingiwa na pilipili. Nilijua. Naye alijua kwamba nimejua. Tukazungumza habari za korosho.

Tukiwa bado hapo, Saturnini akapiga hodi.

"Mtani, umekuja," Amiri alisema. "Watu hawakukuona?"

"Wameniona. Urefu huu nitauficha wapi?" Akakaa, akamtazama machoni, akamtazama viganjani. "Mkojo unatoka?"

Amiri aliangalia mkeka. "Kidogo. Kama chai ya rangi."

"Twende zahanati."

"Siendi."

"Kwa nini?"

"Pale watu wamejaa benchi zima. Ana fomu yule mhudumu, na swali analoanza nalo kwa sauti ni hili: umekula panya? Hayo ya maji yanafuata nyuma, hakuna anayeyasikiliza. Nitajibu nini?"

"Jibu hapana. Si ndio ukweli?"

"Nitajibu hapana, na damu itajibu ndiyo. Halafu nitasimama vipi kuadhini? Watu watasema, huyu anatuita kwenye swala, akitoka hapo yuko kwa Saturnini anatafuna." Akavuta pumzi. "Afadhali nife na jina langu."

Biasha akaanza kulia kwa chini. Mimi ndiye ndugu yake, mimi ndiye niliyepaswa kusema neno, na sikusema. Kwa sababu nami nilikuwa nawaza yale yale: watu watasemaje.

Saturnini alikuna kidevu. Kisha akasema, "Kumbe ni hilo tu. Basi aumwe mwingine."

"Nani?"

"Mimi. Mimi si mla panya? Nikiumwa hakuna atakayeshangaa. Dada Biasha, nipe blanketi. Sadiki, mpigie Bakary aje na bodaboda. Mimi naumwa, na mtani wangu ananisindikiza. Tukifika ndani, mganga ataona mwenyewe nani ni nani."

Amiri alitaka kukataa, lakini hata nguvu za kukataa hazikuwepo. Tulimkalisha kwenye pikipiki katikati, akaegemea mgongo wa Bakary. Nyuma yake akapanda Saturnini, blanketi kichwani jua likiwa limeshachoma, mikono yake imezunguka mpaka kumshika Bakary, hivyo Amiri hakuweza kuanguka hata angezimia. Walipopita mbele ya msikiti na mbele ya mashine yangu, Saturnini aliguna kwa sauti kubwa kama ng'ombe anayezaa. Watu walitoka kutazama.

"Ni nani huyo?"

"Saturnini. Homa ya panya imempata mwenyewe."

"Na Amiri?"

"Si unamjua moyo wake. Anamuuguza mtani wake."

Zahanati waliwatazama wote wawili na hawakuchelewa. Gari lilikuja, likawapeleka hospitali, Biasha akawafuata kwa kisingizio cha kuwapikia, na huko Amiri aliwekewa dawa na maji ya mshipa. Figo zilikuwa zimeanza kuchoka. Daktari alimwambia Biasha kwamba wangechelewa siku mbili zaidi wangekuwa wanazungumza mambo mengine. Saturnini naye walimpima, ili kujua tu, wakakuta damu yake ina dalili kwamba ugonjwa ule ulishawahi kumpitia zamani, huenda akaudhania malaria. Akabaki huko kumuuguza rafiki yake: kumnawisha, kumlisha uji, kupokezana zamu na Biasha. Kwenye simu tulizungumza kwa mafumbo, siri isitoke.

Huku kitongojini, maneno yalikuwa yamekaa sawasawa kama watu walivyotaka. Mla panya amepata homa ya panya. Sasa hata aliyekuwa na shaka kidogo alitulia. Waliokuwa wameanza kuchemsha maji waliacha, kuni ni kazi.

Siku ya nane tangu waondoke, Imrani alikuja mashineni. Alisema mama yake, Bibi Samia, ana homa na anaumwa kichwa.

"Umempeleka zahanati?" nilimuuliza.

"Nimpeleke akaulizwe upuuzi ule? Mama yangu ana miaka sabini, hajawahi hata kumgusa panya kwa fimbo. Ni malaria." Kisha akaniangalia. "Saturnini anaendeleaje?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu. Mashine ilikuwa inaunguruma, ningeweza kuizima. Ningeweza kumwambia, Imrani, anayeumwa si Saturnini. Ni Amiri, na hajala panya, alikanyaga maji, maji yale yale anayokunywa mama yako.

Nikasema, "Anaendelea vizuri."

"Mungu amsaidie," alisema Imrani, akabeba unga wake.

Bibi Samia alifariki siku ya tatu yake. Wataalamu walikuja kuchukua vipimo, na majibu yalipotoka Imrani hakuyaamini. Alisema wamechanganya chupa.

Amiri na Saturnini walirudi katikati ya Septemba. Amiri alikuwa amekonda, kanzu inamning'inia, anatembea kama mtu anayepima ardhi. Nilikwenda kuwalaki, na sikusubiri wakae. Niliwaeleza habari ya Bibi Samia, pamoja na swali alilouliza Imrani na jibu nililompa.

Amiri aliinamisha kichwa. Saturnini aliweka chini mfuko aliokuwa ameushika.

"Mimi nilifikiri nabeba aibu ya mtu mmoja," alisema. "Sikujua kwamba watu wataifanya kinga."

Hakwenda nyumbani kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Imrani, nami nikamfuata. Imrani alikuwa uani, anasuka kamba. Saturnini alisimama hatua chache, akavua kofia.

"Imrani, pole na msiba. Nina neno la kukwambia, na ukitaka kunipiga nipige nikishamaliza. Mimi sikuumwa. Aliyeumwa ni Amiri. Niliigiza ili asiaibike. Ungejua, huenda mama ungemuwahisha."

Imrani aliendelea kusuka kamba kwa muda, kama hajasikia. Kisha mikono ikasimama.

"Mngesema," alisema.

"Tungesema."

"Mngesema tu."

Hakumpiga. Tulisimama pale mpaka ikawa hakuna maana ya kusimama, tukaondoka.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, Amiri aliomba nafasi. Alisimama ameshika nguzo kwa udhaifu. Hakuhutubia, alisema kama mtu anayetoa ushahidi barazani.

"Mnanijua. Kinywa hiki hakijawahi kuonja panya, na Mwenyezi Mungu anajua. Lakini homa ya mgunda imenipata, na ingeniua. Niliipata kwenye bustani yangu, kwa mguu wenye kidonda, kwenye maji tunayokunywa sote. Niliogopa jina kuliko nilivyoogopa ugonjwa. Saturnini alijifanya mgonjwa kwa ajili yangu, na mkamcheka. Mwenye homa leo, asilale nayo nyumbani. Mtu akiwaita wala panya, mwambieni aanze na mimi."

Akaendelea kutaja siku alizokaa bila kwenda kutibiwa, moja moja, na dalili zilivyomwingia, mpaka watu wakaanza kuangaliana. Kumbe wengi walikuwa na mgonjwa nyumbani. Mchana ule ule watu saba walikwenda zahanati, kesho yake wanne. Mmoja wao alikuwa mtoto wa mwenyekiti. Mhudumu naye siku hizi anamwita mgonjwa ndani, anafunga mlango, na anaanza na swali la maji. Sijui nani alimwambia. Wote kumi na mmoja walipona.

Wataalamu waliporudi kutafuta chanzo, walihitaji mtu wa kuwaonyesha panya wanapopita. Mwenyekiti alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Saturnini, na safari hii yeye ndiye aliyesimama mlangoni. Saturnini alimkaribisha ndani, akampa kiti. Kwa siku tatu aliwaongoza vijana wa maabara bondeni, akawaonyesha mapito na mashimo, akawafundisha kutega. Wao wakamfundisha kuvaa glavu. Mwanzoni alilalamika kwamba mikono yake imekuwa kipofu, baadaye akazoea, na sasa hachuni panya bila glavu. Visima viwili vilijengewa ukuta na mfuniko, nguruwe na mbuzi wakachimbiwa shimo lao chini zaidi, na bomba likatengenezwa mwezi wa kumi.

Si kila kitu kilirudi. Wateja wa mjini hawajaonekana mpaka leo. Mama Getruda hachoti tena mwisho, lakini kuna wanawake wawili ambao yeye hawasalimii, na simlaumu. Imrani anapokutana na Saturnini anamwitikia salamu bila kusimama. Kwangu hasagi tena. Anatembea mpaka mashine ya kule Chiola, mwendo mrefu, gunia kwenye baiskeli, na kila ninapomwona anapita najua anapita kwa sababu yangu.

Novemba, korosho zikiwa zinaanguka, Amiri alikuwa bado hawezi kuinama muda mrefu. Saturnini alikuwa akimaliza kuokota za kwake anavuka mpaka na kuokota za mwenzake, na mimi nikifunga mashine mapema nakwenda kuwasaidia. Siku moja Amiri alikuwa amelala chini ya kivuli, na sisi wawili tunang'oa korosho kwenye mabibo, nikamuuliza Saturnini kama anajutia lile blanketi.

Alimaliza lundo lililokuwa mbele yake.

"Kwa huyu pale sijuti," alisema, akimwonyesha Amiri kwa kidevu. "Angekuwa kaburini. Lakini baada ya kumfikisha hospitali, ningerudi siku ya pili yake niwaambie watu ukweli. Nilikaa kule wiki mbili nikifurahi kwamba nimefanya jambo zuri." Akavuta lundo jingine. "Na wewe?"

"Ningezima mashine," nilisema.

Alitikisa kichwa kukubali. Tukaendelea kung'oa, kwa sababu mawingu yalikuwa yanapanda upande wa Ruangwa na korosho zikilowa zinaharibika.